Kolabo ya Watu Watatu

Kwanza jina. Brother Voodoo. Litamke mbele ya mathe yeyote anayeenda kesha ya Ijumaa, uone kama utaongezewa chai. Mimi nililiona mara ya kwanza kwenye komiki iliyokuwa imekunjwa katikati ya kitabu cha uhasibu, ndani ya bandali ya vitabu vya mitumba. Jalada lilikuwa limechanika upande mmoja lakini picha zilikuwa zimebaki. Marvel Team-Up, toleo la 24, Agosti 1974, senti 25 za Marekani. Spider-Man na huyu jamaa kifua wazi ambaye sikuwa nimewahi kumsikia.

Nieleze bandali ilifikaje kwangu, kwa sababu itanisaidia baadaye. Meza ya vitabu si yangu, ni ya brathe. Alipopata kazi ya ulinzi Doha aliniachia meza, turubai, deni la mwenye stoo na wateja wake wa KCSE. Nilikuwa mwaka wa tatu campo. Nikasema nitasimamia muhula mmoja tu, nilipe karo, nirudi. Muhula uliisha, ukaja mwingine, na sasa hata sijui kama jina langu bado liko kwenye orodha yoyote. Brathe hunitumia ujumbe wa sauti kila siku, saa zingine mara sita. Usiweke kamusi juani. Yule mzee wa kofia usimkopeshe. Nikiwa kazini sauti yake iko kwenye sikio la kushoto, na la kulia ni la wateja.

Sasa turudi kwa komiki.

Marvel Team-Up ilianza 1972 na ikafika matoleo 150 kabla ya kufungwa 1985. Mpango wake ulikuwa rahisi: karibu kila mwezi Spider-Man anapewa mgeni, wanapigana na adui, mgeni anaenda zake. Mtu yeyote aliyekulia kwenye gengetone anaujua mpango huu. Msanii mkubwa anamweka msanii mdogo kwenye ubeti wa pili, na sisi wasikilizaji tunaamua kama huyo mdogo tutamtafuta kesho au tumeshamsahau kabla ngoma kuisha. Wengi tunawasahau. Kolabo inaweza kumfungulia msanii mlango, na inaweza pia kuwa njia ya heshima ya kumsindikiza hadi kituo cha matatu.

Brother Voodoo alifika kwa Spider-Man akiwa tayari amefungasha. Alikuwa ameanza Septemba 1973 kwenye Strange Tales toleo la 169, hadithi ikiandikwa na Len Wein na kuchorwa na Gene Colan. Kufikia Aprili 1974, toleo la 173, mfululizo ulikuwa umekatwa. Matoleo matano. Hata hadithi ya mwisho haikuisha pale, ilibidi imaliziwe kwenye jarida lingine la rangi nyeusi na nyeupe, Tales of the Zombie. Kwa hivyo Agosti ile anapotokea New York na ngoma zake na moshi wake, msomaji anamkuta mtu ambaye nyumba yake imeshabomolewa. Ni mgeni asiye na kwao pa kurudi.

Kwa nini alizaliwa, hilo halihitaji maneno mengi. Mwaka 1971 sheria za kujidhibiti za wachapishaji wa komiki Marekani, zilizokuwepo tangu 1954, zililegezwa kidogo, na ghafla mizuka ikaruhusiwa kama imetoka kwenye fasihi ya zamani: Dracula, Frankenstein, mbwamwitu. Zombi hakuruhusiwa kwa sababu hakuwa na riwaya kuukuu ya kumtetea (ndiyo maana Marvel wakawa wanaandika "zuvembie" na kuendelea na kazi, ujanja ambao mwenye duka yeyote wa River Road angeuheshimu). Wakati huo huo filamu za watu weusi zilikuwa zinauza. Luke Cage alikuwa ametoka 1972. Blade alitokea Julai 1973, miezi miwili tu kabla ya Brother Voodoo, akichorwa na Gene Colan huyo huyo. Mizuka inauza, watu weusi wanauza, changanya.

Ukianza hivyo, unatarajia takataka. Na kuna takataka, nitafika hapo. Lakini hadithi yenyewe ya asili ina kitu ambacho kimenikaa kifuani zaidi ya mwaka sasa.

Jericho Drumm ni Mhaiti aliyeenda Marekani kusoma akawa mwanasaikolojia. Anarudi nyumbani baada ya miaka mingi na kumkuta ndugu yake Daniel, ambaye ni houngan, yaani kuhani wa Vodou wa kijiji chao, yuko mahututi kwa kurogwa. Jericho haamini hayo mambo. Ana digrii. Daniel anakufa, lakini kabla ya kukata roho anamwambia aende kwa mzee mmoja akafundishwe. Mzee huyo anaitwa Papa Jambo.

Ndiyo. Jambo. Kama ile fulana ya watalii. Haiti wanaongea Kreyòl, lakini mtu fulani New York alitafuta neno linalosikika la Kiafrika, na lililokuwa karibu likawa letu. Nilicheka peke yangu mezani hadi mteja akauliza kama niko sawa.

Papa Jambo anamfundisha, kisha anafanya tambiko la kuita roho ya Daniel na kuiunganisha na ya Jericho. Kuanzia hapo wako wawili katika mwili mmoja. Jericho ana nguvu za watu wawili, na akitaka anaweza kumtuma Daniel atoke, aingie kwa mtu mwingine na kumwendesha.

Msee, soma hiyo tena polepole. Kijana aliyeelimika ughaibuni anaitwa nyumbani, anakuta aliyebaki nyumbani ndiye aliyekuwa akibeba kazi yote, na kazi hiyo sasa inamwangukia yeye ambaye hakuwahi kuitaka wala kuiamini. Hakuna hata mtu mmoja anayemuuliza kama ana mpango mwingine. Ungeiandika kama hadithi fupi bila vazi la shujaa ndani yake, wahariri wa Nairobi wangeichapisha bila swali. Hofu iliyomo haitoki kwa mizuka. Unaogopa kwa sababu ndugu amekuachia kitu na hawezi kukichukua tena.

Na hapa ndipo kolabo na Spider-Man inakuwa tamu kuliko yenyewe inavyojua. Hadithi ya toleo la 24 iliandikwa na Wein yule yule, ikachorwa na Jim Mooney. Kuna kundi la waabudu wa mambo ya giza New York, kuna kiumbe anayeitwa Moondog, kuna kupigana. Kama kazi ya kusisimua ni ya wastani, na sitakudanganya. Kichwa chake kina neno la mauaji ili kukushtua. Kurasa hazifiki 25 na haraka yake inaonekana.

Lakini waweke hawa wawili bega kwa bega. Tangu 1962 Spider-Man anaendeshwa na marehemu. Mjomba Ben aliuawa na jambazi ambaye Peter angeweza kumzuia na hakumzuia, na kila paa analoruka linatokana na usiku ule. Marehemu wake haongei wala hasaidii, na pia hasamehi kwa sababu hayupo. Peter amebaki na hatia tu, na hatia ni mtu mmoja anayeongea na kujijibu mwenyewe. Ndiyo maana kila toleo ana viputo vya mawazo kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Halafu pembeni yake anasimama mtu mwingine anayeendeshwa na marehemu. Lakini wake wanafanya kazi pamoja. Marehemu wa Jericho ana zamu. Anatumwa na anarudi. Jalada limeandikwa majina mawili, ila wanaopigana ni watatu, na wa tatu ndiye aliyekufa. Komiki moja imeweka namna mbili za kuishi na wafu wako kwenye ukurasa mmoja, na haisemi lolote kuhusu jambo hilo kwa sababu inakimbilia ngumi inayofuata. Ningemlipa Len Wein soo mbili kutoka mfukoni mwangu kwa kurasa mbili ambazo Peter anamuuliza huyu jamaa: wewe, ndugu yako huwa anakwambia nini usiku?

John Mbiti wetu, wa Kitui, alipochapisha kitabu chake kuhusu dini na falsafa ya Kiafrika mwaka 1969 alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayapa kazi nzito. Kwa maelezo yake, mtu akifa haendi zamani moja kwa moja. Wakiwepo wanaomkumbuka kwa jina yeye bado yuko kwenye sasa, ni mfu aliye hai. Huzama zamani polepole, siku yule wa mwisho aliyemjua anapoondoka. Wapo waliompinga Mbiti kuhusu wakati, na wana hoja zao. Lakini kwa komiki nadhani yuko sawa kabisa. Mhusika aliyekatwa baada ya matoleo matano anakuwa mfu aliye hai. Kila anapoalikwa na mwenye nyumba mkubwa, jina lake linatajwa na anabaki sasa kwa mwezi mmoja zaidi. Brother Voodoo aliishi hivyo kwa miaka. Spider-Man 1974, Werewolf by Night 1976, yule Thing wa mawe kwenye Marvel Two-in-One mwaka 1978. Ni kama mjomba anayetajwa kwenye kila harusi ingawa kwake hakuna anayefika.

Kuhusu picha. Nimetafuta matoleo ya Strange Tales kwa simu nikayalinganisha na kile kipande changu. Gene Colan anachora kivuli kama kitu chenye uzito. Moshi wake unaingia kwenye kona za ukurasa, sura zinayeyuka, huoni vizuri mwili unaishia wapi na giza linaanzia wapi. Kwa mhusika ambaye ni watu wawili, hiyo ndiyo lugha sahihi. Jim Mooney ni fundi mzuri, alichora Supergirl miaka mingi kule DC, na mistari yake ni safi kama shati la Jumatatu. Hapo ndipo tatizo lilipo. Kwa Mooney unajua kila mtu amesimama wapi. Moshi wa Brother Voodoo unakuwa tangazo la kufika kwake tu, kama honi ya matatu. Hofu imepigwa pasi.

Na sasa takataka niliyoahidi.

Adui wa kwanza wa Jericho, aliyemuua Daniel, anajiita Damballah. Katika Vodou ya kweli, Damballa ni roho mwenye heshima kubwa, nyoka mweupe, baba wa kale, anayehusishwa na uumbaji na usafi. Wahaiti humfananisha na Mtakatifu Patrick, kwa sababu ya nyoka walio miguuni pa yule mtakatifu kwenye picha za kanisa. Kwa hivyo hii ni sawa na mtu kutunga hadithi ya Nairobi ambayo mkuu wa majambazi wa Eastlands anaitwa Mtakatifu Petro, na hakuna mhusika hata mmoja anayeona ni ajabu. Neno lenyewe Vodou limetoka kwa Wafon, Benin ya leo, ambako vodun ni roho tu, nguvu ya kuheshimiwa. Wahaiti wanasimulia kwamba uasi wa watumwa wa 1791 ulianza na sherehe ya usiku kule Bois Caïman, na kufikia tarehe 1 Januari 1804 walikuwa taifa huru lililowashinda Wafaransa wa Napoleon. Dini hiyo ndiyo iliyotiwa kwenye chungu kimoja na mbwamwitu.

Kwenye kolabo inakuwa mbaya zaidi kimyakimya. Mgeni akitolewa kwao akaletwa New York, kijiji kimeachwa, Kreyòl imeachwa, watu wanaomwendea houngan kwa sababu mtoto anaumwa wameachwa. Kinachosafiri ni vazi, ngoma na moshi. Blade alifika mbali, hadi filamu ya Wesley Snipes mwaka 1998, na nadhani sababu moja ni kwamba alikuwa wa mji tangu mwanzo, unaweza kumhamisha bila kumvunja. Jericho ukimtoa Haiti umemtoa nusu. Nusu nyingine ilikuwa kazi ya Daniel, na kazi hiyo ilikuwa ya mahali.

Kuna jambo moja ambalo waandishi hawa walilikosa, na yeyote aliyeenda Pwani na kukaa na wazee angewaambia. Kule, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti. Kiti cha pepo. Haiti wanamwita farasi, roho inampanda. Katika lugha zote mbili mwanadamu ndiye anayekaliwa, na adabu yote ya ngoma ni kumkaribisha mgeni huyo, kumuuliza anataka nini, kumpa chake. Brother Voodoo amepindua mambo. Yeye ndiye anayemtuma Daniel akakalie watu wengine, bila ngoma ya kuomba ruhusa, bila kuuliza kama Daniel amechoka. Roho ya ndugu yake imegeuzwa silaha ya mbali. Hakuna tukio hata moja kati ya niliyosoma ya miaka ya 70 ambapo Daniel anasema hapana. Anatii tu, kama simu.

Hilo lilinisumbua hadi nikagundua Marvel wenyewe walilifikia, ila iliwachukua zaidi ya miaka 35. Mwaka 2009 Jericho alipandishwa cheo, akachukua nafasi ya Doctor Strange na kuwa mchawi mkuu wa dunia, jina likawa Doctor Voodoo, akapewa komiki yake, mwandishi Rick Remender na mchoraji Jefte Palo. Ilidumu matoleo matano. Tano tena! Kama laana yenyewe inahesabu. Muda si mrefu akajitoa mhanga kwenye New Avengers na akafa. Na nani aliyebaki? Daniel. Pepo aliyepoteza kiti. Kwenye hadithi ya 2012 ndiye adui, amewageukia mashujaa akiwalaumu kwa kifo cha ndugu yake. Brian Michael Bendis aliiandika kama hadithi ya kisasi na ni sawa, lakini mimi niliisoma kama mfanyakazi ambaye hatimaye amefungua mdomo. Miaka yote hiyo ametumwa huku na huku, na siku mwenye mwili anaamua kufa, hakuulizwa.

Kisha filamu ya Doctor Strange ya 2016. Daniel Drumm yumo, mlinzi wa nyumba ya wachawi New York. Anauawa dakika chache baada ya kuonekana. Nilikuwa nimeitazama mara mbili kabla sijajua ni yeye. Mara ya tatu nilisimamisha picha nikamtazama vizuri. Hakuna ngoma, hakuna Haiti, hakuna ndugu.

Sitasema Team-Up 24 ni kazi kubwa iliyosahauliwa. Ni komiki ya mwezi, ilitengenezwa kwa haraka na watu waliokuwa na nyingine ya kumaliza Ijumaa. Ukiwa na soo moja ya bando na unataka hofu ya kweli ya Marvel ya miaka ile, soma The Tomb of Dracula. Lakini Dracula hana ndugu wa kumwachia kazi. Mimi natafuta hadithi inayonieleza mtu anawezaje kufanya kazi aliyorithi bila kuwa kivuli cha aliyemrithisha, na bila kumfanya yule mwingine awe mtumwa wa sikio lake. Hii komiki ililigusa swali, ikaona limechoma, ikalitupa. Angalau iliokota.

Wiki iliyopita jamaa mmoja wa miwani alisimama mezani, akaipekua, akauliza bei. Nikamwambia hii si ya kuuza. Akasema ataleta mia tano kesho. Nilikuwa nikirekodi ujumbe wa Doha wakati huo huo, na sikuzima, kwa hivyo yote yakaenda. Jioni brathe akajibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka zamu ya usiku na hajalala, nyuma yake feni inazunguka.

"Kama ni yako, ni yako," akasema. "Lakini weka chini ya meza, usiiweke juu na zile zangu. Watu wakiona kitu juu ya meza, wanajua kinauzwa."